Nilivyowavuta Mbwa wa Bosi Mbele ya Wakwe

Haya nnazo mpaka leo, na mngekuwa si watu wangu nisingesema hili.

Miaka ya tisini nilikuwa karani kwenye ghala moja Rusayl, nje ya Maskati, na bosi wangu, Mholanzi, alikuwa na mbwa watatu wa nchi za barafu, wale wenye manyoya kama zulia. Kila mwaka yeye na Wazungu wenzake hushindana bondeni nyuma ya kijiji cha Yiti, mbwa wanavuta kigari kisicho magurudumu juu ya mchanga, mtu kasimama nyuma. Mwaka huo akateguka mguu, akaniuliza kama naweza kushika nafasi yake, na mie (kwa kupenda sifa tu) nikasema naweza, mbwa nimewazoea. Mbwa mie nawajua kwa kuwakimbia.

Nyumbani nikasema nimechaguliwa kwenye mashindano ya wanyama. Mke wangu Zuwena akampigia simu mamake, Bi Salma, naye akafahamu ni mbio za ngamia, mie nikanyamaza. Akaja na ukoo mzima, mikeka, masufuria ya biriani.

Tulikuwa tuanze alfajiri, lakini magari yakakwama njiani, tukaondoka jua lishapanda, na jua la Maskati halina mzaha. Nikawapita wakwe na kanzu yangu mpya, sikuthubutu kutazama upande wao. Tulikuwa wa pili. Katikati ya njia jike aliye mbele akaanza kuyumba, ulimi nje, kila akikanyaga anainua mguu upesi kama kakanyaga kaa la moto. Nikashuka, nikaweka kiganja mchangani, nikakitoa hapo hapo. Basi, mashindano yangu yakaishia pale.

Nikawafungua. Jike hakuweza kusimama, nikambeba nikamlaza kwenye kigari (mate yake yote kwenye kanzu), mwenzake akaruka akapanda naye, nikajitia kamba kifuani nikavuta mwenyewe, wa tatu anatembea kivulini mwangu, huku washindani wanatupita na Wazungu wanapiga picha.

Nilipofika kwa watu, bosi akainama, akakagua nyayo za jike. Bi Salma akanijia, akaniuliza kwa upole:

"Seif, mwanangu, ngamia wako wapi?"

Akawatazama mbwa, akamwambia Zuwena awape maji, yale ya barafu, na maji ya kunywa ya ukoo mzima yakaishia kwa mbwa. Kwangu akasema, "Na wewe kaa huko huko kwao. Usiisogelee mikeka yangu na mate hayo."

Nikala biriani yangu mchangani, pembeni ya mbwa, watoto wa shemeji wanatuhesabu: wanne.

Jike alipona. Harusini mpaka leo wapo wanaoniamkia kwa kuuliza kama mbwa hawajambo. Kuwatoa mashindanoni sijutii, ningewatoa tena. Lakini nimeapa: nikialikwa popote, mamamkwe namweleza kila kitu kabla hajaroweka mchele.