Kengele chini ya kiti: sedan yangu ya kifahari kutoka Japan na nilichomfanyia kaka yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Jukwaa hili la magari nimelisoma miaka mingi bila kuandika hata mstari. Leo naandika. Hii sio chai ya kutunga, na sehemu zinazonidhalilisha sijazipunguza, kwa hiyo mwenye povu alimwage kwa adabu.

Naandika nikiwa dukani kwangu, Musoma mjini. Nauza vifaa vya ujenzi. Nikikatika ghafla, ujue kuna mteja.

Jina la gari silitaji. Nikilitaja tu, uzi unageuka vita ya watu wa Kijapani na watu wa Kijerumani, na mimi sitasomwa. Jueni ni sedan kubwa, used ya Japan, pearl white, aina ile ambayo kule kwao bosi anakaa nyuma anasoma gazeti. Kabla ya hapo nilikuwa na pickup iliyochoka, nimeisukuma miaka tisa.

Siku ya kwanza naitoa Musoma kwenda Bunda niliona kama nilikuwa naonewa miaka yote.

Kiti ni leather na ni cha umeme. Unabonyeza kitufe pembeni, kinasogea chenyewe taratibu. Ukifunga mlango, kelele zote zinabaki nje. Ukiwa themanini unadhani uko arobaini, na ndiyo maana nilipigwa tochi ya trafiki kabla hata sijaizoea.

Ukiwasha asubuhi kuna sauti ya dada kwenye redio anaongea Kijapani. Mpaka leo sijui anasemaje. Wife aliniambia, "Angalau yeye anakusalimia kwa heshima."

Ubaya wake nao upo. Iko chini. Mtaani kwangu Buhare kuna tuta moja nalivuka kwa kulikata upande upande, bodaboda wananiangalia wanacheka. Mafuta inakunywa, sitadanganya mtu.

Lakini wakuu, kuna jambo moja hakuna muuzaji anayekwambia. Ukinunua kitu kizuri kuliko vitu vyako vyote, utulivu unakwisha.

Mimi nilikuwa mtu wa kulala kwenye kiti hapa dukani mchana. Tangu gari ije, sikai. Nimpimie mteja nondo, nitoke nje nikaangalie kama mtoto hajapitisha msumari kwenye rangi. Nirudi, nisahau nilikuwa nimefikia nondo ya ngapi. Watoto wangu niliwakataza kula hata karanga ndani. Wife aliniuliza kama hii gari tumenunua au tumepewa tuitunze.

Sasa twende kwenye mambo yenyewe.

Kijijini kwetu ni upande wa Butiama, unaacha lami pale Kiabakari unaingia ndani kidogo. Anayekaa nyumbani ni kaka yangu Magesa. Ndiye mkubwa. Mzee alipofariki, kaka aliacha shule akabaki na ng'ombe, mimi nikasoma. Hilo halijawahi kusemwa kwa ubaya kwetu. Ni jambo linalojulikana tu.

Wiki ya pili nikampelekea gari aione.

Alizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama anavyomzunguka dume mnadani. Akaniuliza ni ng'ombe wangapi. Nikacheka, nikamwambia ni wengi. Akasema sawa, na nyinyi mna zizi lenu sasa.

Akaomba akae kwenye usukani. Nikampa ufunguo, nikaingia ndani kumsalimia shemeji, mke wake.

Kupitia mlango wazi nikawa namuona. Kaka ni mrefu, magoti yalikuwa yamebana kwenye usukani. Nikamuona ameinama, mkono umeingia chini ya kiti, anapapasa kwa muda. Kisha akainuka, akaangalia huku na huku, akatulia.

Sikufikiria kitu. Nikanywa uji, nikaondoka.

Narudi Musoma, kabla sijafika lami ya Kiabakari, kwenye ile barabara ya vumbi, nikasikia: tin.

Nikapunguza redio. Kimya. Nikapita shimo. Tin, tin.

(Kuna mteja, nakuja.)

Nimerudi. Alikuwa anataka misumari ya inchi tatu, nusu kilo.

Wakuu, ule mlio ulinitesa siku kumi na moja. Kwenye lami haupo. Kwenye tuta upo. Ukisimama kuutafuta haupo. Nilitoa jeki, nikatoa tairi la spea, nikatoa mazulia yote. Nilimwambia wife ashike mkoba wake mapajani asitikisike. Watoto walikuwa wanapakiwa wamekaa wima kama wanapigwa picha ya pasipoti. Tin.

Nikaanza kuamka alfajiri kuitikisa gari uani kabla sijanywa chai. Jirani akamuuliza mke wangu kama niko sawa.

Mafundi wawili wa Musoma waliniambia gari ni nzima. Mmoja akasema mgonjwa ni mimi. Nikaamua kwenda Bunda, kuna fundi pale Manyamanyama anasifiwa kwa mambo ya ndani ya gari, anaitwa Chacha.

Chacha hakuongea sana. Akanipakia, akaendesha mwenyewe kwenye barabara mbovu, akasikiliza akiwa amefumba jicho moja. Akarudi gereji, akafungua bolti nne za kiti cha dereva, akakilaza.

Hapo chini, pembeni ya reli ya kiti, kulikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa chekundu. Kimeshonwa kwa nyuzi za dhahabu, kina maandishi yasiyosomeka. Mdomo umefungwa kwa kamba yenye fundo la ajabu. Kwenye kamba kuna kikengele kidogo kuliko punje ya mahindi.

Chacha akaweka spana chini.

"Bosi, mimi vitu hivi huwa sigusaga."

Akaenda akanawa mikono kwa sabuni ya unga, mpaka kwenye viwiko. Akasema kiti atakirudisha, ila kile nikitoe mwenyewe. Nikakitoa kwa koleo. Nikakitia kwenye mfuko wa nailoni.

Mimi ni mkristo, naimba kwaya. Lakini pale gereji nilikuwa mtoto wa kijijini kabisa. Hirizi ni hirizi, haiulizi unaimba sauti gani.

Na akili yangu ilishafunga kesi. Nani alikaa kwenye hicho kiti? Nani aliingiza mkono chini? Mlio ulianza siku gani? Nani aliuliza ni ng'ombe wangapi?

Kutoka Bunda mpaka Kiabakari ni mwendo mfupi kwa gari ile. Laiti ingekuwa ile pickup, labda ningepoa njiani.

Nilimkuta kaka uani na shemeji. Sikumpa shikamoo. Nikautupa mfuko miguuni pake, nikamuuliza alikuwa anatafuta nini chini ya kiti changu.

Kaka akauangalia mfuko. Hakuuinua.

"Nilikuwa natafuta chuma ya kurudisha kiti nyuma. Kwenye pickup si ilikuwaga hapo chini?"

Nikacheka. Wakuu, nilicheka kile kicheko kibaya. Nikamwambia kiti cha umeme hakina chuma, atafute uongo mwingine. Nikamwambia kama alikuwa na uchungu na shule angesema tangu zamani, sio kusubiri nipate gari.

Shemeji akaingia ndani. Kaka akasema taratibu, "Haya. Chukua kitu chako, nenda na gari yako."

Ndiyo nikaondoka.

Na sikuishia hapo. Nilipofika nyumbani nikakipiga picha kile kifuko, nikakitupia kwenye group la familia, lile lenye shangazi, wajomba na watoto wote waliosoma. Chini yake nikaandika: aliyeweka hiki anajijua, na Mungu wangu halali.

Jioni ile ile wazee wawili wa kanisa walikuja tukaomba, tukakimwagia mafuta ya taa nyuma ya nyumba, tukakichoma. Kitambaa kiliisha haraka. Kikabaki kikengele cheusi, nikakitupa chooni.

Siku mbili group lilikuwa kimya. Kaka alisoma ujumbe, hakujibu kitu. Shangazi aliweka mikono ya maombi tu. Gari ilikuwa kimya kabisa, hata kwenye lile tuta la Buhare, na mimi ndio kwanza nilikuwa sikai. Nilijiambia ni uchungu wa kusalitiwa.

Siku ya tatu akajibu Neema. Neema ni binti wa kaka Magesa, yuko chuo Mwanza. Nanakili ujumbe wake, maana nimeusoma mpaka nimeukariri:

"Baba mdogo shikamoo. Nilikuwa kwenye mitihani, nimeiona leo. Hayo maandishi ni ya Kijapani, nimeyapitisha kwenye app ya kutafsiri. Yanasema usalama barabarani. Hirizi hizi Wajapani wanazichukuaga kwenye nyumba zao za ibada, wanampa mtu mwenye gari ili asipate ajali. Itakuwa ya mwenye gari wa kwanza. Baba hajui kuandika Kijapani."

Hakuweka hata emoji.

Nilisoma nikiwa nimesimama hapa hapa dukani. Nikakaa kwenye mfuko wa saruji.

Halafu ndio akili ikaanza kurudi, sasa hivi ambapo haina kazi tena. Kile kifuko kilikuwa kimebana kwenye reli tangu Japan. Kaka alipopapasa akitafuta chuma, mkono wake ukakigusa kikalegea. Kengele ikapata nafasi ya kulia. Basi. Hakuna kingine.

Kuna mtu kule, mama au mke wa mtu, alikwenda akamuombea mtu wake asife barabarani. Maombi yale yakavuka bahari yakanifuata mpaka Musoma, na mimi nikayamwagia mafuta ya taa.

Kesho yake sikufungua duka. Nikaenda Kiabakari.

Kaka alikuwa zizini anapiga dawa ya kupe, bomba mgongoni. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba. Akaendelea na ndama wake mpaka akamaliza, mimi nimesimama na viatu vya mjini kwenye samadi. Sikuona shida kusubiri. Nilitaka hata achelewe zaidi.

Nikamwambia yote. Kwamba nimekosea, kwamba nimeshaandika kwenye group kuomba radhi, kwamba Neema ndiye aliyenifungua macho. Akauliza kile kitu kiko wapi. Nikamwambia tulikichoma.

Akavua bomba, akalitua chini. Akasema:

"Mtu asiyekujua alikuombea usife. Mimi niliyekubeba mgongoni, ukaona nakuua."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua pa kushika.

Nikapiga magoti. Akaniinua haraka, akasema nisimfanyie hivyo mbele ya watoto. Akasema yameisha. Tukaingia ndani, shemeji akatuwekea ugali wa mtama na samaki sato, tukala sahani moja. Kaka akaniuliza biashara ikoje, nikamjibu. Ungepita pale usingejua kuna kitu.

Hiyo ni miezi mitano sasa.

Kaka hajanisema vibaya kwa mtu yeyote, nimechunguza. Simu napiga anapokea. Watoto wangu wakienda likizo anawapokea kama zamani, anawafundisha kukamua.

Lakini kwenye gari yangu hapandi.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba wa shangazi, Bunda. Nikamwambia nitampitia. Akasema sawa. Nilipofika Kiabakari nikaambiwa ametangulia na bodaboda tangu asubuhi. Wakati wa kurudi nikamfungulia mlango mwenyewe, ndugu wote wanaona. Akashukuru, akasema kuna mtu ana mzigo wake amsaidie kuubeba. Akapanda lori la fuso, nyuma, na mzigo wa mtu mwingine.

Wengine mtasema ni kiburi. Sio kiburi, mimi namjua. Nadhani anaogopa. Anaogopa siku nikipata pancha, nitamuangalia usoni.

Na kibaya zaidi, hata mimi sijui kama sitamuangalia.

Funzo ni hili wakuu, hasa mnaotaka kununua hizi used za kifahari. Ukisikia mlio tafuta fundi, usitafute mchawi. Fanya tafsiri kabla ya kufanya ibada. Na usiende kwa ndugu yako wakati damu imechemka, hizi gari zinafika haraka mno.

Mwenye maswali ya mafuta, tairi na spea aulize, nitajibu nikiwa sina mteja. Na mnaotaka picha, kile kifuko mimi nilikifuta kwenye simu. Kwenye group bado kipo, hakuna aliyekifuta.

Ila mimi nimekuja na swali langu moja, na ndilo lililonifanya niandike. Mliowahi kumtuhumu ndugu kwa kitu ambacho hakufanya, mlirudi vipi? Msinijibu habari za kusamehewa. Kusamehewa nilisamehewa siku ile ile, na sahani tukala.

Nauliza kurudi.