Tone la Mwisho

Mama muuza mafuta ya taa wa pale Mkomaindo haondoi faneli mpaka tone la mwisho limeingia kwenye chupa ya mteja. Vidole vyake vimekauka kwa mafuta, hata ugali anaoumega unanuka taa. Tangu kodi ya mafuta ya taa ipande, waliozoea kuja na chupa ya soda wanaleta kichupa cha dawa ya kikohozi, na yeye huwatajia bei kwa sauti ya chini, kana kwamba kodi kaiweka yeye.

Juzi akapita bwana mmoja wa halmashauri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Bwana akaanza kuwaelimisha waliopanga foleni: bei imepandishwa makusudi, ili wenye malori wasichanganye mafuta ya taa kwenye dizeli.

Mama alimwacha amalize. Kisha akachukua koroboi ya bibi aliyekuwa mbele, kikopo cha maziwa chenye utambi wa kanga kuukuu, akaitia mkononi mwa yule bwana.

"Hebu itazame vizuri, baba. Hii nayo imechakachua dizeli ya nani?"

Bwana akaipindua. Halikudondoka hata tone.