Kiganja Kwenye Kioo

Ijumaa niliwapeleka wajukuu kwenye ukumbi wa theluji, ndani ya duka moja kubwa hapa Maskati. Kibao kilisema unafunguliwa saa nne. Saa nne na nusu mlango bado umefungwa. Nyuma ya kioo wafanyakazi walipanga viatu kwa namba, wakavipangua, wakavipanga tena.

Mbele yangu alisimama dada wa Moshi, yaya wa nyumba moja ya mtaa wa Qurum, siku yake ya mapumziko.

“Kaka, niingie niiguse theluji tu, halafu nitoke,” alimwomba mfanyakazi Mkenya aliyesimama mlangoni.

“Pole, dada. Bado tunakagua.”

“Kwetu nilikuwa naiona juu ya Kilimanjaro kila asubuhi nikifagia uwanja. Sijawahi kuigusa.”

Mkenya akainamisha macho. “Ni utaratibu, dada.”

Simu yake dada ikalia, mwajiri wake: wageni wamefika, arudi. Akabandika kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo kidogo, akaenda zake.

Mlango ulipofunguliwa, mfanyakazi alikuja mbio na kitambaa, akaifuta ile alama ya kiganja. Asubuhi nzima, hiyo ndiyo kazi pekee niliyoona ikifanywa haraka.