Nilivyoitwa Toronto Kumcheka Marehemu

Agnes, mke wa rafiki yangu Lazaro, alinipigia simu Songea kutoka Toronto akasema, "Mtani, Lazaro tumemzika bila kuchekwa. Njoo."

Nikafunga mzigo. Mimi ni Mngoni, Lazaro alikuwa Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana jambo la maana: kuzikana na kuchekana. Mhehe akifa, Mngoni huingia msibani kumtania, na haruhusiwi mtu kununa. Vishairi vyetu vya kuchekesha vya makaburini vilizaliwa humo. Kumzika Mhehe bila mtani ni kumzika kama mpita njia.

Ndani ya ndege nilitunga. Lazaro, niliyemjua tangu shule, alikuwa mchelewaji wa kutisha. Harusini kwake tulianza pilau bwana harusi hajafika. Kabla ya kutua nilikuwa na ubeti:

Hapa kalala Lazaro,
kokote alichelewa;
leo kawahi mwaliko,
na hata hakungojewa.

Uwanja wa ndege wa Toronto, Agnes alinipokea kwa heshima zote. "Karibu, Mngoni. Si nyie mlitukimbia vitani?"

"Wangoni hatukimbii, shemeji. Tuliwapisha."

Akacheka, akalia kidogo, tukapanda basi. Tulipopita Malton akanionyesha ghala la mizigo alikofanya kazi mumewe. Basi la kwanza la asubuhi, alisema, Lazaro hakuwahi kulijua rangi.

Parkdale, kwenye fleti yao, nilikutana na kazi yenyewe: Neema, binti yao. Lazaro alizikwa wakati wa baridi, na huko jiwe husimikwa ardhi iliyoganda ikishalegea, kwa hiyo mchongaji alikuwa bado anasubiri maneno. Agnes alitaka ubeti wangu. Neema, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alijibu kwa Kiingereza kwamba baba yake si kichekesho. Akaingia chumbani.

"Tangu msiba hajatoa chozi," Agnes aliniambia jikoni, akisonga ugali. "Hata jina la baba yake halitaji. Mume ameondoka, na mtoto naona ananiponyoka. Asipokubali yeye, sichongi kitu."

Ugali ule sikuumaliza. Niliogopa, nasema kweli.

Jumamosi tulikwenda makaburini. Neema alituchelewesha langoni nusu saa. Ulimi uliniwasha, nikaung'ata.

Mtani huvaa nguo za marehemu na kutembea mwendo wake. Nikavaa koti zito la Lazaro, lililokuwa likining'inia mlangoni tangu afe. Nikaelekea kaburini, nikasimama, nikapapasa mifuko, nikarudi nyuma. Nikaenda tena. "Jamani, basi limeshaniacha?" nikauliza.

Agnes alicheka mpaka akashika mti. Neema alinikodolea macho, akaanza kunijia. Wangoni hatukimbii, lakini niliangalia lango liko wapi.

"Mfuko wa kushoto," akasema. Kwa Kiswahili. "Baba alianza kushoto. Funguo siku zote zilikuwa kulia, na siku zote alianza kushoto."

"Hivi?"

"Siyo hivyo, anko! Lete hilo koti."

Akalivaa. Akapapasa kushoto, akaguna kama babaye, akarudi hatua mbili, akatia mkono kulia. Funguo zilikuwamo. Akazitazama, akacheka, kisha akaketi kwenye nyasi akalia kwa sauti, "Baba! Baba jamani!" Mama yake akaketi naye. Mimi nilibaki nimesimama na baridi, kwa sababu koti alikuwa nalo yeye.

Kwenye basi la kurudi Neema aliniomba ubeti, nikausoma mara mbili. "Mama, uchongwe," akasema.

Nimerudi Songea. Miaka yote nilidhani mtani huitwa ili watu wasilie. Kumbe huitwa ili waweze.

Juzi Neema alinipigia simu mwenyewe. "Anko, jiwe la baba limesimikwa. Limechelewa mwezi mzima."

"Basi ni lake," nikamwambia.