Orodha ya Wapiga Kelele

Mimi ni mwepesi wa hasira, na nimefundisha hisabati miaka mingi hapa karibu na Sironga. Kwa hiyo msichana mmoja wa gredi ya sita, aliyekuwa akimaliza kazi kabla sijaketi, alipoanza ghafla kupata nusu ya maksi, nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Mamake alipokuja kuuliza, nilimwambia asitarajie makubwa.

Mwalimu wa darasa la jirani, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alikataa kuamini. Wakati wa chai alikuwa akitazama video za ushonaji kwenye simu.

"Hii simu inanijua kuliko bwana yangu," akaniambia. "Haijawahi niuliza napenda nini. Inaangalia tu penye nimekawia na penye nimeruka, halafu inaniletea ingine. Sisi tunaangalia maksi peke yake."

"Watoto si simu, Madam," nikamjibu.

Akacheka, akaomba daftari la msichana. Tukalifungua pamoja. Kila swali lilikuwa na jibu sahihi lililofutwa kwa raba hadi karatasi ikakaribia kutoboka, kisha jibu la uongo juu yake. Kurasa kumi na moja.

"Si unaona penye anakawia?" akasema.

Alimwita msichana nje, akaongea naye Ekegusii polepole. Kumbe anayemaliza wa kwanza bila kosa ndiye hupewa karatasi aandike majina ya wapiga kelele, na walioandikwa hawamngoji jioni wakienda nyumbani. Karatasi hiyo nilikuwa nikimpa mimi. Nyani haoni kundule. Niliona aibu, na bado naiona.

Jumamosi ikapita, maana Madam ni Msabato. Jumapili akaenda Keroka kununua karatasi ngumu ya manila. Akaikata kadi, akazipanga katika katoni ya biskuti, akaniletea darasani Jumatatu. Kila kadi ina swali, na nyuma imeandikwa uende kadi gani ukiliona rahisi, na gani ukikwama. Hivyo kila mtoto akawa na njia yake, na aliye mbele hana haja ya kumngoja mtu. Lakini hakuiga simu kama kasuku. Simu, alisema, itakulisha utamu peke yako mpaka uugue. Kwa hiyo kila kadi ya tano haifanywi ila na watu watatu. Sijaona mwalimu mwingine aliyetazama video za kushona gauni akatoka na akili kama hiyo.

Wiki iliyopita nilisimama mlangoni mwa darasa langu, mkono kiunoni, tayari kufoka. Msichana yule alikuwa amepanda juu ya benchi, kadi mkononi, akibishana na wawili kuhusu sehemu za shamba, sauti imefika hadi jikoni kwa mpishi. Raba yake ilikuwa sakafuni.

Lau ile orodha ingekuwepo, jina lake lingekuwa la kwanza. Nilirudi nyuma, nikaufunga mlango taratibu.