Jino la Pembeni mwa Mshono

Harufu ya karafuu hunirudisha Kasingirima, mtaa wetu wa kando ya ziwa, katika kiangazi kile nilipokuwa darasa la tatu na bibi yangu akinitia karafuu iliyopondwa kwenye jino, huku mawese yakitokota jikoni na upepo wa ziwa ukipeperusha moshi hadi barazani. Nilizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Nikiwa mchanga nilifanyiwa upasuaji, nikashonwa, nikapona, na bibi, aliyenilea, akabaki na hofu moja: kwamba siku moja ule mshono ungeachia. Kwa hiyo nilikatazwa miwa, miiba ya samaki, na zaidi ya vyote, mswaki. Nilisukutua kwa maji ya chumvi tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tulilificha jino langu la mbele, lililo pembeni mwa mshono, mpaka likaanza kuwa jeusi na kuniuma nikinywa chochote cha moto. Shuleni nilicheka nimefumba mdomo, sauti ikinitokea puani.

Karafuu iliposhindwa, bibi alijifunga khanga yake ya kutokea, akanipeleka hospitali. Daktari wa meno alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alimwamkia bibi kwanza, wakajuliana hali, kisha akaniomba nifungue kinywa. Bibi alimshika mkono.

"Mwanangu, hapo usiguse. Hapo pameshonwa."

"Bibi, pamepona zamani," daktari akamjibu. "Kinachomla mtoto ni uchafu. Nawa mikono, uje uguse mwenyewe."

Bibi alinawa, akaingiza kidole kinachonuka sabuni, akakipitisha juu ya kovu polepole kama anayepapasa yai. Kisha akabonyeza. Akabonyeza tena. "Kumbe pagumu hivi," alisema, akaketi kwenye benchi na kuanza kucheka peke yake, akichanganya Kiha na Kiswahili, huku machozi yakimtoka.

Daktari alilisafisha jino na kuliziba, lakini hakutudanganya. Alisema watoto waliozaliwa kama mimi meno yao huota yamebanana na kupinda karibu na ufa, uchafu hujificha humo, na ufizi wa pale hauna mfupa wa kutosha. Jino likitoka, pengo lake si rahisi kulijaza. Turudi baada ya mwezi. Kama jino halijatulia, ataling'oa. Njiani bibi alirudia methali moja tu, usipoziba ufa utajenga ukuta, mpaka nikaichoka.

Asubuhi iliyofuata tulisimama uani na mswaki laini tuliopewa. Nilipiga mara chache, nikatema povu lenye damu. Bibi aligeuza uso ukutani. Daktari alikuwa ametuonya kwamba fizi zisizozoea mswaki hutoa damu mwanzoni, lakini kuambiwa si kuona. Nilimngoja aseme niache. "Endelea," alisema, bado ametazama ukuta. Nikaendelea. Damu ilipungua siku hadi siku, kisha ikakoma, na bibi naye akajinunulia mswaki kwa ajili ya meno machache aliyokuwa nayo. Ikawa mchezo wetu: tunapiga mswaki tukitazama ziwa, tunatema shimoni, kisha kila mmoja anamkagua mwenzake kinywa kwa uzito wa hakimu. Majirani waliokwenda kisimani walisimama kutucheka, nasi tukawacheka, vinywa wazi.

Siku ya kurudi hospitali, daktari aliligongagonga lile jino kwa kijichuma, kisha akamwambia bibi, "Hili linabaki." Bibi alipiga kigelegele palepale, watu wakachungulia mlangoni wakidhani kuna mtoto amezaliwa. Tuliporudi alinikaangia mgebuka mzima, na kwa mara ya kwanza hakunitolea miiba.

Siku hizi naishi mtaa wa Rusimbi, mji uleule, na naona mambo yamebadilika. Mama aliyeshuka kutoka milimani, kijiji cha Kalinzi, na mwanawe aliyezaliwa na mpasuko kama wangu, aliniambia kwamba baada ya upasuaji wa mtoto alifundishwa kumsafisha fizi kwa kitambaa laini hata kabla jino halijachomoza, na tarehe ya kumwona daktari wa meno akapewa papo hapo. Sisi tuliambiwa kidonda kimepona, tukaenda nyumbani na hofu yetu. Siwaonei wivu watoto hawa. Wamepata mapema kile nilichochelewa kukipata, ila sijui kama kuna yeyote kati yao atakayecheka kama tulivyocheka mimi na bibi mwaka ule.