Bia Niliyoimwaga Njia ya Handeni

Mimi ni mpishi wa Wajerumani hapa Korogwe, na juzi nilijiaibisha mwenyewe. Mabwana wanne walipanda pikipiki zao kuelekea Handeni. Mimi wakanitia kwenye kigari kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki moja, nimekumbatia kapu la mikate na bia. Nikauliza, "Tunafuata nini, bwana?"

"Hatufuati kitu. Tunaendesha tu. Upepo ukikupiga usoni, moyo unafunguka."

Mtu ale vumbi kutwa nzima bila kufuata kitu? Sikuelewa hata kidogo.

Juu ya kilima wakazima pikipiki zote. Wakavua kofia, wakageukia milima ya Usambara, kimya, hakuna hata anayekohoa. Hapo nikajiona mwerevu: kumbe safari ni ya tambiko! Kwetu Uzigua tambiko halifanywi mikono mitupu. Basi nikamwaga bia chini, chupa baada ya chupa, nikamega mikate nikaitawanya majanini, nikiwasihi wazee wao waliotangulia wawape mvua na watoto.

Bwana mkubwa akageuka, anajilamba midomo. "Mpishi, lete bia."

Nikamwonyesha udongo uliolowa.

"Wazee wameshapokea, bwana."